Mwasumini Unaougua kwenye Ndoo: Jinsi ya Kuuokoa

Mwasumini ukianza kunyong'onyea, mkono mmoja huenda kwenye kopo la maji na wa pili kwenye mbolea. Izuie yote miwili. Miasumini mingi ya kwenye vyungu niliyoiona ikifa hapa mjini Unguja haikufa kwa kiu wala kwa njaa. Ilikufa kwa mizizi: imezama kwenye maji, au imejisokota ikakosa pa kwenda, au imekaa ndani ya chumvi na chokaa mpaka ikaungua. Mzizi ulio taabani haunywi. Ukiuzidishia maji unauzamisha, ukiuzidishia mbolea unauunguza, na huku juu majani yanazidi kuwa manjano nawe unazidi kumwagia.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ndivyo nilivyoufanya wangu. Ulikuwa kipandikizi nilichopewa na bibi yangu kule Wete, Pemba. Nikavuka nacho kwa meli kimefungwa kitambaa kibichi, nikakipanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, nikakiweka juu ya dari ya zege tunapoanika nguo. Miaka mitatu ulitupa maua mpaka tukashindwa kuyamaliza: ya kutunga, ya kutia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, ya kutandaza kitandani siku ya harusi ya mdogo wangu. Mwaka wa nne, Januari, joto la kaskazi limepamba moto, majani yakaanza kugeuka. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Yakazidi. Nikanunua polo la udongo kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni wa shamba, nikaongezea juu. Wiki mbili baadaye kingo za majani zilikuwa kama zimepitishwa kwenye moto. Nilipouchunguza ule udongo vizuri, nusu yake ilikuwa mchanga wa pwani na vipande vya kombe ndani yake. Mti uliponea chupuchupu. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyafanya kuuokoa, pamoja na niliyojifunza baadaye kwenye miti ya majirani.

Hatua ya 1: Hakikisha kuwa bado uko hai

Anza kwenye ncha ya tawi. Kwaruza gamba kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pabichi, tawi linaishi hata kama halina jani hata moja. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini kidogo, kwaruza tena, mpaka ufike penye kijani. Hapo ndipo mti wako ulipoanzia kuishi, na juu ya hapo ni kuni. Ukifika usawa wa udongo hujaona kijani, bado usiutupe. Mwasumini huweza kuchipua kutoka kwenye shina la chini. Upe miezi miwili kivulini.

Usikate kitu kwanza. Hapa unachunguza tu.

Hatua ya 2: Soma majani

Jani linaeleza mengi ukilitazama kwa makini, na ni lazima utazame jani gani limeharibika na limeharibikaje.

Majani yamelegea na huku udongo umelowa: mizizi imeoza. Hii ndiyo dalili inayowadanganya watu wengi kuliko zote, kwa sababu mti unaozama hunyauka sawasawa na mti wenye kiu.

Majani machanga ya nchani yamekuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, kama wavu: mti umekosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifungia na mizizi haiwezi kukichukua. Kwetu ugonjwa huu ni wa kila mtaa. Kisiwa chenyewe kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima yamepita humo kabla ya kutufikia. Tazama ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio huo huo unaojikusanya kwenye ndoo ya mwasumini.

Kingo na ncha za majani zimekuwa kahawia na kavu: chumvi, au upepo, au vyote viwili.

Majani mawili matatu ya chini, ya zamani, yamegeuka manjano na kuanguka: yaache, yamezeeka. Yakiwa mengi kwa pamoja, na mti umekaa chombo kimoja miaka bila kulishwa, hiyo ndiyo njaa ya kweli, lakini bado usilishe mpaka umeiona mizizi.

Vidoadoa vyeupe juu ya jani na utando mwembamba chini yake ni utitiri. Majani yanayonata, yenye masizi meusi, na chungu wanapanda na kushuka kwenye shina, ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Wote hao nitawarudia.

Hatua ya 3: Kijiti cha mshikaki

Chukua kijiti cha mshikaki kisichotumika, kichomeke kwenye udongo mpaka karibu na chini ya chombo, kiache dakika kumi. Kitoe, kipapase, kinuse. Juu panaweza kuwa pakavu kama unga na chini pamejaa tope. Kijiti kikitoka na harufu ya yai viza au ya kinamasi, basi huna la kusubiri: fanya hatua ya 4 na ya 5 leo hii, iwe kaskazi, iwe masika. Kikitoka kimelowa lakini kinanuka udongo tu, acha kumwagilia na uchome tena kesho kutwa. Kikitoka kikavu mpaka chini, na maji ukiyamwaga yanapita pembeni na kutokea matunduni papo hapo, donge la mizizi limekauka na linayakataa maji. Hapo zamisha chombo kizima kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe, kisha kitoe kichuruzike.

Hatua ya 4: Weka akiba kabla ya kupasua

Mimi sikufanya hivi mwanzo, na usiku ule nilipouweka mti wangu chini mizizi ikiwa nje nilijuta sana. Kabla hujaugusa, kata vijiti vinne au vitano vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 kutoka matawi yaliyo hai, ambayo si laini sana wala hayajawa mti mgumu. Kata chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili juu, na hayo yakiwa makubwa yakate nusu. Vichomeke kwenye kopo lenye mchanga wa kujengea uliosuuzwa (si wa pwani) uliochanganywa na makumbi (maganda ya nje ya nazi) yaliyochambuliwa. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, hakikisha pana unyevu lakini hapalowi. Wiki 4 hadi 6 utaona jani jipya. Usivivute kila siku kuona kama vimeshika.

Hatua ya 5: Utoe chomboni uone mizizi

Fanya kazi hii baada ya alasiri, jua limeshapoa. Kama hakuna uozo na una uhuru wa kuchagua, ngoja mwanzo wa vuli au manyunyu ya kwanza ya masika. Januari na Februari mti hauna nguvu ya kuvumilia.

Tandika gunia. Laza ndoo ubavu, igongegonge pande zote, kisha ivute ndoo, si shina. Ikigoma, pitisha kisu kirefu pembezoni. Ndoo ya plastiki iliyochoka ni bora uikate kuliko kuing'oa mizizi.

Sasa tazama. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, ni mgumu ukiubana. Uliooza ni mweusi, unateleza, na ukiuvuta ganda linavuliwa kama ala na kubaki kiuzi chembamba katikati. Wangu ulikuwa na yote mawili. Nusu ya juu ilikuwa imejisokota kuzunguka ndoo mara nne, mzizi mmoja mnene kama kidole cha mwisho umeshabana shina lenyewe. Nusu ya chini ilikuwa tope jeusi. Matundu ya ndoo, matatu tu niliyoyatoboa kwa msumari, yalizibwa na mizizi ile ile. Mti wenyewe ulikuwa umejifungia mlango.

Chukua mkasi mkali, ufute kwa spiriti. Kata uozo wote mpaka ufike palipo peupe, hata kama inakuuma. Mizizi iliyojisokota ikate wima sehemu tatu au nne kuzunguka donge, kisha ifungue kwa vidole. Ule unaozunguka shina ukate kabisa. Kama mizizi ni mizima, usiondoe zaidi ya thuluthi moja. Kama imeoza, toa kilichooza chote, na ukipoteza nusu ya mizizi, basi punguza na matawi karibu kiasi hicho hicho. Mizizi iliyobaki haiwezi kubeba majani yote yale. Suuza udongo wa zamani, hasa ukishuku chumvi.

Hatua ya 6: Udongo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo tunapodhulumiwa. Kabla hujanunua udongo, au hata kama umepewa bure, chukua kiganja kimoja, ukamulie ndimu au umiminie siki. Ukichemka na kutoa mapovu, umejaa chokaa: kombe, matumbawe, mchanga wa pwani. Usiupeleke kwenye mwasumini. Kipimo hiki ni cha nusu dakika, na kama ningekijua mwaka ule ningerudisha lile polo hapo hapo. Kwa chumvi, koroga kiganja cha udongo kwenye glasi ya maji, acha utuame, chukua maji ya juu uyamimine kwenye sahani nyeusi na uyaanike. Ukibaki unga mweupe mzito, achana nao.

Udongo ninaoutumia sasa ni ule unaochotwa chini ya mwembe mkongwe, majani yakiwa yameoza yenyewe miaka na miaka: mweusi, mwepesi, unanukia mvua. Nachanganya makopo mawili ya huo, makopo mawili ya makumbi yaliyochambuliwa, na kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyokauka na kuoza mpaka haina harufu. Mbolea ya kuku iache mbali na mgonjwa, ni kali.

Makumbi yana jambo lake. Kwetu hufukiwa pwani ili yalainike yatolewe usumba, yaani nyuzi zake, kwa hiyo ukiyapata kutoka kwa wenye kazi hiyo yamelewa maji ya bahari. Yaloweke kwenye maji matamu, yakamue, mwaga maji, rudia mara tatu. Hata yale ambayo hayakufika pwani yaloweke siku moja.

Ukishachanganya, bana konzi moja ya udongo uliolowa kiasi. Ukifungua mkono, uwe tonge ambalo ukiligusa kwa kidole linavunjika. Lisilovunjika ongeza makumbi.

Majivu ya jikoni usitie. Najua wazee wetu huyatia bustanini, na kwa mboga yana faida yake, lakini kwenye mwasumini uliojaa chokaa unamzidishia mgonjwa ugonjwa ule ule. Na misumari yenye kutu iliyozikwa udongoni haisaidii kitu: kutu ni chuma ambacho mti hauwezi kukinywa.

Hatua ya 7: Chombo

Kipya kizidi donge la mizizi kwa sentimita 3 hadi 5 tu kila upande. Mgonjwa ukimpa pipa, udongo usio na mizizi utashika maji na kumwozesha tena.

Chungu cha udongo wa kufinyanga ndicho bora, kinapumua. Vyungu vya saruji vinavyouzwa kandokando ya barabara ni vizuri kwa macho, lakini saruji mpya hutoa chokaa, kwa hiyo kiloweke wiki mbili tatu ukibadilisha maji. Ndoo inatosha kabisa ukiitoboa matundu sita au zaidi kwa msumari wa moto. Ndoo nyeusi juani hugeuka jiko na mizizi inapikwa. Ipake rangi nyeupe kwa nje au ivalishe pakacha.

Usitie kokoto chini. Watu wengi wamefundishwa hivyo, nami nilifundishwa hivyo, lakini maji hayashuki upesi kwa sababu ya kokoto. Yanasimama pale udongo unapokutana na kokoto, na umepunguza nafasi ya mizizi bure. Tena kokoto zetu ni matumbawe, chokaa tupu. Kigae kimoja juu ya tundu kinatosha.

Panda usawa ule ule wa zamani, usilizike shina. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, basi.

Hatua ya 8: Chumba cha wagonjwa

Weka mahali penye mwanga lakini pasipo jua la mchana, na pasipo upepo. Uani chini ya kuti la mnazi ni pazuri. Wiki mbili usiuhamishe. Kisha upe jua la asubuhi, na baada ya mwezi jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, kwa sababu mwasumini bila jua hutoa majani tu.

Wanaoweka mimea juu ya dari, hasa mitaa iliyo karibu na bahari, jihadharini na kusi. Upepo wake hubeba chumvi na kukausha majani hata kama udongo umelowa. Kinga kwa ukuta au kwa kuti, na baada ya siku ya upepo mkali suuza majani kwa maji matamu. Zege nalo hushika joto. Inua chombo juu ya matofali mawili, hewa ipite chini. Matofali hayo hayo yatakusaidia masika, maji yasisimame matunduni. Sahani za kukingia maji ziondoe mvua zikianza.

Hatua ya 9: Maji baada ya hapo

Mwagilia kijiti cha mshikaki kikitoka kikavu hadi kina cha kidole, si kwa saa wala kwa mazoea. Kiangazi inaweza kuwa kila siku, kipupwe kila baada ya siku tatu. Ukimwagilia, mimina mpaka maji yatoke chini. Kunyunyiza nyunyiza kila jioni kunaacha chumvi juu bila ya kuiondoa.

Maji ya mvua ndiyo dawa. Kinga pipa moja masika na jengine vuli, lifunike kwa kitambaa mbu wasizaliane, na uyawekee mwasumini peke yake. Kama huna ila ya kisima, mara moja kwa mwezi mimina polepole maji mara tatu ya ujazo wa chombo ili yasukume chumvi nje, na kwa majani yenye wavu wa manjano tia kijiko kimoja cha siki kwenye lita nne za maji ya kumwagilia, mara moja kwa wiki, kwa muda wa mwezi. Kisima cha karibu na pwani kionje kwanza. Ukihisi chumvi ulimini, mti umeshaihisi zamani. Dukani kwa pembejeo huuzwa chuma cha kuyeyusha kwa ajili ya mimea; ukikipata, fuata kipimo cha pakiti.

Wadudu

Vidung'ata wale weupe kama pamba wafute kwa kitambaa chenye spiriti, kimoja kimoja. Utitiri haupendi unyevu: upige maji kwa nguvu chini ya majani siku tatu mfululizo. Wakirudi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita, nyunyiza magharibi, rudia baada ya siku tano. Usinyunyize juani, wala usitumie sabuni ya unga. Chungu nao uwashughulikie, kwa sababu wao ndio wachungaji wa vidung'ata: wanawalinda ili wale utamu wao.

Chakula na mkasi

Mbolea subiri mpaka uone majani mapya yaliyokomaa, wiki 4 hadi 6. Kisha konzi ya samadi iliyooza juu ya udongo kila mwezi inatosha. Mwasumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya, ndiyo maana usiokatwa hubaki na vijiti virefu na maua mawili. Baada ya kila msimu wa maua kata thuluthi, juu kidogo ya kifundo. Lakini mwaka wa ugonjwa, ukiacha matawi uliyoyapunguza ulipokata mizizi, kata vilivyokufa tu.

Matumba ya kwanza

Mti wangu ulitoa matumba mwezi wa Aprili, sita, ukiwa bado na majani ya kuhesabika. Niliyakata yote. Mti dhaifu hutumia nguvu zake za mwisho kwa maua, na wewe unataka ziende kwenye mizizi. Yale yaliyokuja vuli, Novemba, niliyaacha, kwani matawi yalikuwa yameshajaa. Vile vijiti vya akiba usivitupe mti ukipona: kimoja mpe jirani, kimoja mpelekee ndugu mwenye ua wa ardhi, kwenye ardhi nzuri mwasumini huishi bila ya tabu hizi zote.

Kuchuma ni baada ya alasiri. Chagua tumba lililojaa, jeupe mpaka kwenye shingo, lakini limefumba. Lenye kijani bado halitafunguka mkononi, na lililokwisha kufunguka litakuwa na rangi ya chai asubuhi. Tunga kabla ya magharibi, funika kwa kitambaa kibichi, weka mbali na moto wa jiko. Ukitoka kwenye sala ya isha yatakuwa yamefunguka.